Meli ya Moshi Yagonga Majita

Kabla ya vita vya 1914, mfanyabiashara wa Kijerumani mwenye ghala la ngozi na karanga pale Mwanza alikuwa na njia moja tu ya maana ya kuifikisha mali yake Ulaya, nayo ni kuipakia kwenye meli ya Mwingereza. Reli ya Kijerumani iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikanyoosha kwenda Kigoma, ikaliacha Ziwa Victoria bila hata tawi. Kuwatwika wapagazi mizigo kutoka Mwanza hadi pwani ilikuwa safari ndefu, na gharama yake ilimeza faida. Kwa hiyo mali ya koloni la Kaiser ilivuka ziwa chini ya bendera ya Uingereza hadi Kisumu, ikapanda Reli ya Uganda, ikashuka Mombasa, ndipo ikaiona bahari.

Kwenye ramani mambo yalikuwa yamenyooka. Mkataba wa 1890 ulichora mstari kwenye digrii moja kusini mwa ikweta. Juu ya mstari ni kwa Mwingereza. Chini yake ni kwa Mjerumani: Shirati, Musoma, Majita, Ukerewe, Mwanza, Bukoba. Majini mstari huo haukuonekana. Mwenye meli ndiye aliyekuwa mwenye ziwa, na meli kubwa zote zilikuwa na makao yao Kisumu.

Habari za meli hizo husimuliwa karibu kila mara kutoka Kisumu au Entebbe. Upande wetu huu wa miamba wa Musoma, kuanzia Mwigobero na Makoko hadi Buhare na kushuka mpaka Majita, hutajwa kama mahali ambapo meli ilipita ikienda kwingine. Nadhani hilo linapotosha. Ukizitazama meli za moshi kutoka huku, injini si kitu cha kwanza kinachokujia machoni. Unaona kuni, unaona mitumbwi, na mwishowe unaona mwamba.

Lakini kwanza, meli ilifikaje huku juu?

Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mto Naili unaotoka ziwani umejaa maporomoko, na upande wa Bahari ya Hindi hakuna mto unaounganisha maji haya na yale. Kila chombo kikubwa cha chuma kilichowahi kuelea kati ya Kisumu na Mwanza kimepanda mlima kikiwa vipande. Mashua ya Henry Morton Stanley, Lady Alice, ilikuwa hivyo hivyo. Ilitoka Bagamoyo mwaka 1874 ikiwa mapande mabegani mwa wapagazi, ikaungwa Kageyi karibu na Mwanza, na Machi 1875 ikaanza kulizunguka ziwa kwa upande wa mashariki. Mlima wa Majita umo katika maelezo ya mwanzo wa safari hiyo. Lady Alice ilikwenda kwa makasia na tanga. Mvuke ulikuja miaka ishirini na tano baadaye.

Ukoo wa meli za Kisumu unaanza na William Mackinnon. Iliundwa Uskoti mwaka 1890 kwa ajili ya kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kutawala Afrika Mashariki, ikaitwa kwa jina la mwanzilishi wa kampuni hiyo. Kampuni ikaishiwa fedha kabla meli yake haijaliona ziwa. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi, na pamoja na nchi ikarithi rundo la vyuma. Vyuma hivyo vilipanda bara kwa namna mbili: sehemu ya njia kwa reli iliyokuwa ikijengwa, na sehemu iliyobaki kwa vichwa vya watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Bamba la ubavu wa meli halijui kanuni hiyo. Kulikuwa na vipande vya kubebwa na watu wawili, wanne au zaidi, kwenye miinuko na miteremko ya Bonde la Ufa. Mwaka 1900 meli hiyo ikateremshwa majini Kisumu, ikiwa na umri wa miaka kumi na haijawahi kusafiri hata siku moja.

Reli yenyewe ilifika Kisumu Desemba 1901, na hapo kasi ikabadilika. Winifred iliteremshwa mwaka 1902, na pacha wake Sybil akafuata muda mfupi baadaye. Kila moja ilizidi tani 600. Zote mbili ziliundwa Paisley, Uskoti, na kampuni ya Bow, McLachlan, kwa utaratibu ambao mtu aliyewahi kufungua injini ya gari atauelewa mara moja. Kule kiwandani meli iliungwa kwanza kwa boliti tu. Ikishasimama yote, kila bamba na kila ubavu ukapigwa namba kwa rangi, kisha meli ikafunguliwa tena, ikafungwa kwenye makasha na kupakiwa melini kwenda Mombasa, na kutoka Mombasa ikapanda treni. Kisumu ikaungwa upya kwenye mteremko wa kando ya maji, safari hii kwa ribiti zilizochomwa hadi zikawa nyekundu na kugongwa zikiwa za moto, ili maungio yasipitishe maji. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi wa Kihindi waliokuja na reli, wasimamizi wa Kizungu na vibarua wa Kijaluo. Bamba moja likipotea njiani, hapakuwa na duka la kukimbilia. Barua ilikwenda Uskoti, na watu wakangoja.

Mwaka 1907 ikaja Clement Hill, yenye tani zipatazo 1,100, iliyopewa jina la ofisa mmoja wa wizara ya mambo ya nje huko London. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliipanda mwaka huo huo kwenda Entebbe, akastaajabia starehe aliyoikuta katikati ya Afrika. Theodore Roosevelt naye akavuka nayo mwaka 1909, akitoka kuwinda. Wageni wa namna hiyo ndio walioandika vitabu, na ndiyo maana tunajua mengi kuhusu sitaha ya juu kuliko kuhusu chumba cha moto.

Chini, kwenye tanuri, mambo yalikuwa mengine. Meli hizi zilikula kuni. Makaa ya mawe yalipaswa kuvuka bahari na kupanda reli yote kutoka Mombasa, kwa hiyo kilichokuwa karibu ndicho kilichotumika. Sasa, kuni kwa uzito ule ule hutoa kama nusu ya joto la makaa ya mawe mazuri, na hujaza nafasi kubwa zaidi. Meli ikibeba kuni za safari ndefu inakosa mahali pa kuweka shehena inayolipa. Jawabu lilikuwa kuzipanga kuni kandokando ya ziwa, ili meli ipite ikichukua kila inapofika. Mtu anayeitazama picha ya zamani ya Winifred huona dohani ndefu na moshi mweusi. Mimi nikiiona hufikiria marundo ya magogo, na aliyeyakata, na aliyeyabeba hadi ukingoni.

Kwa nini watu waliyakata? Jibu moja ni kodi. Mjerumani alianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, Mwingereza naye akatoza upande wake, na kodi ilitakiwa kwa fedha. Palipokuwa na ng'ombe, ng'ombe aliuzwa. Pasipokuwa na ng'ombe, mtu aliuza jasho, na kuni za meli zilikuwa moja ya njia chache za kuipata rupia bila kwenda mbali na nyumbani.

Njia hiyo ilikuwa na hatari ambayo mwanzoni hakuna aliyeielewa. Malale yalilipuka Busoga karibu na mwaka 1900, yakaenea visiwani na kando ya ziwa, na kwa muda wa miaka michache yaliua watu zaidi ya laki mbili upande wa Uganda. Mdudu anayeyaeneza, mbung'o wa ziwani, hukaa kwenye vichaka vya kando ya maji, vichaka vile vile ambamo mkata kuni alifanyia kazi na mpiga makasia alitia mtumbwi wake kivulini. Robert Koch alipiga kambi visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907 kuutafiti ugonjwa. Serikali ya Uganda ikawahamisha watu kwa nguvu kutoka visiwani na kando ya ziwa, na maeneo ya kuteremkia abiria yakaamriwa kufyekwa. Sitasema kwamba meli zilileta malale. Ugonjwa ulikuwa na njia nyingi. Ila kazi yoyote iliyompeleka mtu kichakani kila siku ilimpeleka kwa mbung'o, na kazi ya kuni ilikuwa mojawapo.

Mitumbwi nayo haikuondoka meli ilipokuja. Kinyume chake, ilipata kazi mpya. Mwambao wetu una sehemu nyingi ambapo maji ni mafupi kwa mbali, na meli ya tani mia sita haikuweza kusogelea. Ilitia nanga nje, ikapiga honi, halafu ikangoja. Mtumbwi ndio uliomtoa abiria nchi kavu akiwa na mbuzi wake na kikapu chake, na ndio uliorudi na majora ya marekani na kaniki, magunia ya chumvi, majembe na madebe ya mafuta ya taa. Baadaye palipojengwa magati, tishali za chuma zikachukua nafasi ya mitumbwi kwenye mizigo mizito, lakini vijijini mtumbwi uliendelea kumvusha abiria. Hata leo, anayetoka Mwigobero kwenda Kinesi ng'ambo ya Ghuba ya Mara anaweza kupanda kivuko cha serikali au boti ya mtu binafsi, na zote mbili zinafanya kazi ambayo watu wa hapa waliifanya kwa makasia kabla Uskoti haijasikika.

Sasa tuje kwenye miamba.

Aliyewahi kufika Musoma hahitaji kuelezwa. Mawe ya hapa yamesimama yakiwa yamebebana, nchi kavu na majini vilevile, na yale ya majini ni ndugu wa yale ya nchi kavu. Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza ndiye aliyelipima ziwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, kwa ajili ya reli na meli zake. Kazi yake ilikuwa kubwa mno: kilomita za mraba karibu 68,800 za maji, mwambao uliojaa ghuba na rasi, visiwa kwa mamia. Ramani zilizotokana na upimaji huo ziliongoza manahodha kwa miongo mingi baada ya yeye mwenyewe kuondoka.

Udhaifu ulikuwa kwenye chombo cha kupimia. Wakati ule kina cha maji kilipimwa kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama. Unaitupa, inagusa chini, unasoma kamba, unaandika, unasonga mbele, unaitupa tena. Mahali penye mchanga au tope njia hiyo inatosha, kwa sababu sakafu hupanda na kushuka polepole. Mahali penye mawe ya kusimama, bildi inaweza kushuka mita ishirini upande huu wa jiwe, na mita ishirini upande ule, na jiwe lenyewe likabaki katikati, futi chache chini ya maji, bila mtu kulijua. Mvuvi hulijua. Furu hupenda mapango ya mawe, na anayewatafuta furu hujifunza kila jiwe kwa kulikwamia, kwa kulivulia na kwa kuonyeshwa na baba yake. Elimu hiyo haikuwa kwenye karatasi, na nahodha wa meli ya vita hakuwa na muda wa kuiuliza.

Vita vilipotangazwa Agosti 1914, meli za Kisumu ziligeuzwa haraka. Mizinga ilifungwa kwenye sitaha zilizokuwa zikibeba abiria, na Sybil na Winifred zikawa manowari ndogo za maji baridi, tayari kupiga bandari zile zile ambazo meli hizo zilikuwa zikichukua mizigo yake miezi michache nyuma. Upande wa Mjerumani kulikuwa na chombo kimoja cha mvuke kilichostahili kuhofiwa, nacho ni Muansa, meli ndogo ya kuvuta tishali, iliyofungwa mzinga nayo.

Kwa ukubwa Muansa ilikuwa kifaranga, ila ilileta tabu. Septemba 1914 kikosi cha Kijerumani kilivuka mpaka na kuingia Kisii. Waingereza walitaka kuteremsha askari kwa meli ili wakikate nyuma, wakamtuma Winifred hadi Karungu, karibu na mpaka. Huko akaikuta Muansa. Winifred aligeuza akarudi kutafuta msaada. Kwa siku chache, kijimeli cha kuvuta tishali kilikuwa kimeifunga Karungu. Ziwani kila mtu alijifunza jambo ambalo wanajeshi wa nchi kavu walikuwa hawajalipima: ukipoteza meli moja huku, hutaletewa nyingine. Kila chombo ni miezi ya reli, makasha na ribiti. Meli moja ilikuwa na thamani kuliko kikosi kizima.

Ndipo, mapema Novemba 1914, Sybil akagonga mwamba Majita.

Meli ya chuma ikitobolewa ina muda mfupi wa kuamua. Maji yakifika kwenye tanuri, moto unazimika. Moto ukizimika hakuna mvuke. Bila mvuke pampu hazifanyi kazi, na rafadha haizunguki. Nahodha aliye kwenye hali hiyo huielekeza omo kwenye ufuko wakati bado ana nguvu ya kusogea, aikalishe meli kwenye maji mafupi, kwa sababu meli iliyokaa mchangani inaweza kurudi na iliyozama kwenye kina hairudi. Sybil ikakalishwa hivyo. Tatizo ni kwamba ufuko wenyewe ulikuwa wa adui.

Fikiria ilivyokuwa. Wenye meli hawakuweza kubaki nayo, kwani askari wa Kijerumani wangeweza kufika kwa miguu. Wajerumani nao hawakuweza kuiondoa. Hawakuwa na pampu, karakana wala chelezo ya kuikarabatia upande wao wa ziwa. Kwa miezi kadhaa meli ya tani mia sita na zaidi, iliyotengenezwa Paisley, iliyobebwa na treni kutoka Mombasa, ilikaa mbele ya Wajita ikiwa si ya mtu. Wajita walikuwa wavuvi waliolima kwa majembe ya chuma, na sidhani palikuwa na mtu wa Majita aliyeitazama bila kuhesabu ni majembe mangapi yangetoka humo. Taarifa za vita zimeandikwa na maofisa, na maofisa huandika habari za mizinga.

Mwaka 1915 Waingereza walirudi kuichukua. Kazi ya kuinua meli iliyokaa inajulikana namna yake, na haina mbwembwe. Kitu cha kwanza ni kuipunguzia uzito. Kisha tundu huzibwa kwa mbao, turubai na saruji, au bamba la chuma pale fundi anapoweza kulifikia. Baada ya hapo pampu huanza kutoa maji haraka kuliko yanavyoingia, na meli ikianza kunyanyuka huvutwa kwa kamba kuelekea kilindini. Ongeza juu ya hayo walinzi wanaokodolea macho vichaka, na upepo wa alasiri wa ziwa unaopiga kuelekea nchi kavu na kuisukuma meli irudi ilikotoka. Sybil alinyanyuka, akapelekwa Kisumu, akatengenezwa, akarudi kazini.

Kusini zaidi, kwenye Ziwa Tanganyika, Wajerumani walikuwa wakati huo huo na meli yao ya vipande, Graf von Goetzen, iliyoteremshwa Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa baadaye na kuanza kubeba abiria mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Liemba imepata umaarufu wa dunia, na inaustahili. Lakini Sybil alizama nusu, akakaa kwa adui, akaibwa kutoka kwa adui, na akarudi kubeba abiria miaka mingi kabla ya Liemba. Hana filamu wala kitabu, na mtoto wa shule pale Buhare anaweza kumaliza masomo yake yote bila kulisikia jina lake.

Vita vya ziwa vilikwisha upesi baada ya hapo. Juni 1915 meli za Kisumu zilibeba askari kuvuka hadi Bukoba, wakauteka mji kwa muda mfupi, wakaharibu mitambo ya simu ya upepo, mji ukaporwa, wakaondoka. Katikati ya mwaka 1916 wakachukua Ukerewe na kisha Mwanza, na Wajerumani wakaizamisha Muansa kwa mikono yao wenyewe. Mstari wa 1890 ukapoteza nguvu. Ziwa lote likawa la mtawala mmoja na ratiba moja.

Ratiba hiyo ndiyo iliyoiumba Musoma tunayoijua. Meli mbili zaidi, Usoga na Rusinga, za zaidi ya tani 1,000 kila moja, zilikuwa zimeletwa karibu na kuanza kwa vita, na baada ya amani zikawa ndizo basi la ziwa. Ziliondoka Kisumu, moja ikizunguka upande mmoja na nyingine upande wa pili. Musoma, iliyokaa kwenye rasi mdomoni mwa Ghuba ya Mara, ilikuwa kituo cha kwanza kikubwa upande wa Tanganyika kwa aliyetoka Kisumu kwa njia ya mashariki. Pamba ya Majita na Bunda ilishuka hapo. Samli ilishuka hapo kwa madebe. Mitambo na mahitaji ya migodi ya dhahabu ya Buhemba, na baadaye Kiabakari, yalikuwa na njia ya maji hadi hapo. Maduka ya Wahindi yalipanga rafu zake kwa kuhesabu siku za meli, na barua nazo zilifuata siku hizo.

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na kwa mara ya kwanza mtu wa Musoma akawa na milango miwili ya kutokea: Kisumu na Mombasa upande mmoja, Mwanza na Dar es Salaam upande mwingine. Katika miaka hiyo Julius Nyerere alitoka Butiama kuanza shule Mwisenge, mwaka 1934, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Kwa mwanafunzi wa mkoa huu aliyekuwa akienda Tabora, meli hadi Mwanza na kisha treni ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida. Barabara zilikuwepo, ila masika yakija gari linaweza kulala njiani siku mbili. Kuelekea kaskazini, Mto Mara ulivukwa kwa kivuko pale Kirumi kabla daraja halijajengwa. Abiria wa daraja la tatu alilala sitahani, chini ya turubai, kati ya magunia na kuku, na alfajiri alikuwa amefika.

Mvuke wenyewe haukuondolewa na barabara, bali na dizeli. Mwaka 1961 Victoria ilianza safari, meli nyeupe iliyoundwa Uskoti kwa utaratibu ule ule wa kuungwa, kufunguliwa na kuungwa tena Kisumu, lakini bila tanuri la kulishwa kuni. Ilikuwa ya haraka kiasi kwamba mzunguko wa Usoga na Rusinga ukaonekana wa kizee. Wakati huo huo ziwa lenyewe lilipanda; mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliongeza maji kwa zaidi ya mita moja, na magati yaliyojengwa kwa ziwa la zamani yakalazimika kuzoea ziwa jipya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa kama mali ya ndoa iliyoshindikana. Victoria ilikuja Tanzania. Usoga ilibaki Kisumu, ikizeeka kwenye kituo chake cha kwanza.

Kuna jambo moja la enzi hiyo ya mwisho ambalo Musoma bado inalo. Katika miaka ya 1960 shirika la reli la Afrika Mashariki lilileta meli za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, zenye reli sitahani, ili behewa lipakiwe Mombasa na kufunguliwa Mwanza bila mzigo kuguswa. Magati maalumu yakajengwa kuzipokea, na Musoma ikapata lake. Ni gati la reli katika mji usio na reli. Mpango wa kuleta njia ya treni kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma umezungumzwa na serikali moja baada ya nyingine, ukachorwa, ukapimwa, ukarudishwa mezani. Treni haijafika. Behewa likionekana Musoma limekuja kwa meli, na litaondoka kwa meli.